Twende Kilimani Bila Kamba ya Kuni

SOMO LA VIKUNDI



Masomo yetu mengi huwa ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na namna ya kuweka vitabu vya fedha. Somo la leo ni la namna nyingine. Halihitaji mchango, wala mfadhili. Linahitaji miguu yako, na kile kilima kidogo unachokiona kila siku ukitoka mlangoni.

Tutazungumza juu ya kupanda vilima vya karibu kwa sababu tu ya kupenda kupanda. Wengine huita jambo la namna hii hobi. Tusilidharau kabla ya kulijaribu.

Shabaha ya somo: Wanakikundi waone kwamba kupumzika ni haki ya kila mtu, pamoja na akina mama, na wajue namna ya kupanda kilima cha karibu kwa usalama na kwa furaha.

Muda: Saa moja na nusu. Halafu siku moja ya kupanda.

Masomo ya Biblia: Kumbukumbu la Torati 34:1-4 na Marko 6:30-32.

SEHEMU YA KWANZA: MCHEZO MFUPI

Chagueni watu watano. Wasome mara moja, kisha wacheze kwa maneno yao wenyewe.

Onyesho la 1. Chini ya mwembe. Kikundi kinakutana.

JIRANI WA CHINI: Mwenyekiti, mimi leo sitoi mchango. Nitatoaje na shamba langu linakwenda na maji? Huyu ndugu yangu wa juu ameelekeza mtaro wake kwangu.

JIRANI WA JUU: Mimi? Mtaro wangu niliuchimba zamani, na korongo lako limeanza juzi! Usinisingizie, bwana.

MWENYEKITI: Wazee, tafadhali. Huu ni mkutano wa tatu tunazungumza korongo tu. Hata mbuzi hatujanunua.

NYANYA: (anasimama) Mimi naomba ruhusa. Jua limeshaanza kushuka, nataka nipande kilima na kurudi kabla ya giza.

KIJANA: Kilimani tena, nyanya? Na kamba ya kuni iko wapi?

NYANYA: Sina kamba.

KIJANA: Panga je?

NYANYA: Sina panga.

KIJANA: Sasa unaenda kufanya nini huko?

NYANYA: Kupanda. Nikifika, nakaa. Nikichoka kukaa, nashuka.

(Wote wanacheka.)

MWENYEKITI: Mama, watu wataanza kusema.

NYANYA: Wameshasema. Miaka arobaini nimepanda kile kilima, na kila mara nimeshuka nimeinama chini ya mzigo. Siku niliyopanda mikono mitupu ndipo nilipoona kwamba kina upande wa pili. Jumamosi njooni sote. Lakini mtu asije na kitabu cha mkutano.

Onyesho la 2. Jumamosi asubuhi, juu ya kilima. Wamekaa juu ya jiwe, wanakula viazi vitamu.

KIJANA: Ala! Kumbe shule iko karibu na mto hivi? Mimi huzunguka na pikipiki dakika ishirini.

MWENYEKITI: Na mabati yale yanayong'aa ni ya nani?

NYANYA: Ni yako, mwenyekiti.

MWENYEKITI: Yangu? Mbona nyumba ni ndogo hivyo! (Anacheka.)

JIRANI WA CHINI: (amenyamaza, kisha anaonyesha kwa fimbo) Hebu tazama. Korongo langu halianzi kwako.

JIRANI WA JUU: Linaanza wapi?

JIRANI WA CHINI: Fuata fimbo. Linapita kando ya mpaka wako, linapanda, linapanda, mpaka barabarani. Pale maji ya barabara yanapomwagika.

JIRANI WA JUU: Kweli. Na ile njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja inaongeza maji. Na njia ile ni yetu sote.

JIRANI WA CHINI: (polepole) Nilikulaumu bure, ndugu yangu.

JIRANI WA JUU: Nami nilikujibu vibaya. (Anampa kiazi.)

MWENYEKITI: Basi tuandike azimio kwamba...

NYANYA: Aa-aa! Hapa hakuna azimio. Kula kiazi, mama. Azimio ni Jumanne.

Maswali ya kujadili (watu wanne wanne)

1. Tumeona nini katika mchezo huu?
2. Kwa nini watu walimcheka nyanya?
3. Kwa nini wale majirani wawili hawakuona chanzo cha korongo wakiwa chini ya mwembe?
4. Je, mambo haya hutokea kwetu? Toeni mfano mmoja.
5. Mara ya mwisho wewe kupanda kilima bila mzigo na bila kazi ilikuwa lini?

Swali la tano lijibiwe na kila mtu, wanaume kando na wanawake kando. Kisha mlinganishe majibu. Msiharakishe hapo.

SEHEMU YA PILI: MAFUNDISHO

1. Kilima cha kazi na kilima cha mapumziko

Watu wa kijijini si wageni wa vilima. Tunapanda kutafuta kuni, kuchunga mbuzi, kufuata chemchemi, kukata nyasi za kuezeka. Kwa hiyo mtu akisikia habari ya kupanda kilima kwa kupenda tu, husema, "Hiyo ni kazi ya watalii na watu wa Nairobi."

Ni kweli kwamba watu wa Nairobi hujaa Ngong Jumamosi na Jumapili. Vilima vile hufika mita 2,460, na watu hulipa nauli na kulipa ada langoni ili watembee juu ya mgongo wake na kupigwa na upepo. Jiulize: Ikiwa mtu analipa fedha apate kitu hicho, na wewe unacho nyuma ya nyumba bure, ni nani aliye tajiri?

Lakini kuna tofauti kubwa. Mwenye mzigo wa kuni hutazama miguu yake. Hawezi kuinua kichwa, maana kamba iko kwenye paji la uso. Anafika nyumbani amechoka, na kilima hakijamwambia kitu. Asiye na mzigo husimama anapotaka. Hutazama ndege, hutazama mawingu, hutazama kwao.

Mama wa kijijini amekwisha kufanya kazi ya mwili kuliko mtu wa ofisini. Hatumwambii apande kilima ili apate jasho, jasho analo. Anachokosa ni saa mbili ambazo hakuna mtu anayemwita. Katika Marko sura ya 6, mitume walirudi kutoka kazini na kulikuwa na watu wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Yesu hakuwaongezea kazi. Aliwapeleka mahali pa faragha wakapumzike. Kama mitume walihitaji hayo, sembuse mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri?

2. Macho ya juu

Mtu akiwa chini huona ua wake na ua wa jirani. Akipanda kidogo tu, dunia hupanuka. Kwenye nchi tambarare, mtu aliyesimama mita 100 juu ya uwanda huweza kuona hadi kilomita 36 hivi kabla ardhi haijapinda na kufichika, kama hewa ni safi na hakuna kilima kingine mbele. Akiwa mita 200 juu, huona hadi kilomita 50 hivi. Tazama jambo hilo: urefu umeongezeka mara mbili, lakini upeo haukuongezeka mara mbili. Yaani mita zile za kwanza ndizo zinazokupa zaidi. Kwa hiyo usingoje mpaka upate nauli ya kwenda Mlima Kenya. Kilima kidogo kinatosha.

Macho yakiwa chini hudanganyika pia. Karibu na mji wa Machakos, mahali panapoitwa Kyamwilu, gari lililozimwa huonekana kama linapanda mlima lenyewe, na maji yakimwagwa barabarani huonekana kama yanapanda. Watu husafiri kwenda kutazama. Kumbe ni umbo la ardhi ya kando linalodanganya macho: panapoonekana kupanda, kwa kweli panashuka. Kama macho yanaweza kudanganyika juu ya njia ya maji barabarani, yanaweza pia kudanganyika juu ya maji ya shambani. Ndiyo maana wale majirani wawili waligombana mikutano mitatu.

Nchi hiyo hiyo ya Machakos ina fundisho jingine. Miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba ardhi yake imekwisha kuharibika kwa mmomonyoko. Mwaka 1938 walianza kuwanyang'anya watu ng'ombe kwa nguvu, na Muindi Mbingu akaongoza watu kwenda Nairobi kulalamika. Baadaye wenyeji wenyewe, hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, walichimba matuta, mengi yakiwa ya fanya juu. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulipungua. Ukiwa ndani ya shamba, tuta ni mtaro na udongo tu. Panda juu ya kilima uangalie mteremko wa pili, ndipo utakapoona mistari ile imezunguka kilima kama mishono ya kiondo. Ndipo utajua mama zetu walifanya nini.

Katika Kumbukumbu la Torati, Musa alipanda mlima na akaonyeshwa nchi nzima, upande hata upande. Hakupewa kuilima. Alipewa kuiona. Tusidhani kuona ni jambo dogo.

3. Faida za mwili

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kila wiki za mazoezi ya kadiri. Mkulima huzipata shambani. Lakini tuna wanakikundi ambao hukaa kutwa: fundi wa cherehani, mwenye duka, mwalimu, kijana wa bodaboda. Hao wakipanda kilima mara mbili kwa wiki, presha na sukari zitapata mpinzani.

Kipimo cha mwendo ni rahisi. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza.

Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Shuka kwa hatua fupi, pinda magoti kidogo, tumia fimbo. Maumivu ya misuli kesho yake ni ya kawaida kwa mtu aliyeanza.

4. Hesabu ya wakati

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima huitumia mpaka leo. Kwa vipimo vyetu ni hivi: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Yaani dakika 12 kwa kila kilomita, na dakika 10 kwa kila mita 100 za kwenda juu.

Mfano: Kilima kiko umbali wa kilomita 3, na kinainuka mita 150.
Njia: 3 x 12 = dakika 36.
Kupanda: dakika 15.
Jumla: dakika 51.

Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye nguvu asiyepumzika. Mkiwa na wazee na watoto, zidisheni mara mbili: saa moja na dakika 42. Mwendo wa kikundi ni mwendo wa yule aliye nyuma. Ndiye atembee mbele.

SEHEMU YA TATU: KANUNI ZA USALAMA NA HESHIMA

Mwenyekiti asome kanuni moja moja, wengine waongeze.

1. Ombeni ruhusa. Kilima kina mwenyewe: mtu binafsi, serikali ya kaunti, au idara ya misitu. Msitu wa serikali una askari wake, na pengine ada. Ulizeni kwanza.

2. Heshimuni mahali patakatifu. Huku Ukambani kuna mathembo, na kule Pwani kuna kaya za Wamijikenda, nyingi zikiwa juu ya vilima. UNESCO iliziweka kaya kadhaa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kit Mikayi kule Seme, karibu na Kisumu, ni mawe makubwa yaliyopandana, na jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Watu huenda kusali pale. Hata kama imani yako ni nyingine, usiingie bila wenyeji, na usichore jina lako juu ya jiwe.

3. Ondokeni asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu ni wakati mzuri. Jua si kali na mawingu hayajafunga.

4. Ogopeni radi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shukeni mara moja. Msijikinge chini ya mti ulio peke yake. Ngojeni nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

5. Maji na chakula. Kila mtu abebe angalau lita moja ya maji. Viazi vitamu, ndizi au mahindi ya kuchemsha vyatosha. Karatasi za nailoni zirudi nyumbani. Asiwashe mtu moto.

6. Vazi. Raba au akala zilizofungwa vizuri. Si lazima viatu vya duka. Bebeni sweta au leso nzito, maana kila mita 100 baridi huongezeka kwa kiasi cha nusu digrii, na upepo ukipiga nguo yenye jasho mtu hutetemeka.

7. Wagonjwa waende zahanati kwanza. Mwenye presha ya 140/90 au zaidi, mwenye pumu, mama mjamzito, mwenye shida ya moyo, waulize daktari au muuguzi. Anayetumia dawa za sukari abebe kitu kitamu. Kifua kikiuma au kichwa kikizunguka, mtu akae chini, na asiachwe peke yake.

8. Msikate njia ya mkato. Njia inayoshuka moja kwa moja leo ni mtaro wa maji mwaka ujao, na korongo mwaka wa tatu. Fuateni njia inayozunguka.

9. Mtu asiende peke yake bila kuaga. Aseme anakwenda kilima kipi na atarudi saa ngapi.

SEHEMU YA NNE: MAJIBU KWA WANAOPINGA

"Hatuna wakati." Ni kweli, hasa kwa akina mama. Basi tusiseme tu, "Mama, pumzika." Siku ya kilima, ni nani atakayechota maji? Ni nani atakayepika? Kama baba na vijana hawajajibu swali hilo, mapumziko ya mama ni maneno matupu. Kikundi kipange zamu: mwezi huu akina mama wanapanda, akina baba wanabaki na watoto. Mwezi ujao wabadilishane. Mwezi wa tatu waende wote.

"Watu watatucheka." Watacheka mara mbili. Mara ya tatu watauliza mnaondoka saa ngapi.

"Tugeuze iwe biashara ya kuongoza wageni." Labda siku moja. Lakini msianze hapo. Jambo likishaingizwa kwenye kitabu cha fedha, linakuwa kazi, na kazi tunazo nyingi. Kipendeni kilima kwanza. Tena, mtu asiyependa kilima chake atamwonyesha mgeni nini?

"Faida yake ni nini?" Mnakumbuka nyanya alikataza kitabu cha mkutano. Wale majirani hawakupanda kwa ajili ya korongo. Wangepanda kwa ajili ya korongo, kila mmoja angepanda na hasira yake na kuona alichokuwa anataka kuona. Walipanda kula viazi. Moyo uliotulia huona vizuri zaidi. Faida ilikuja yenyewe, kwa sababu hawakuifuata.

SEHEMU YA TANO: DAFTARI LA VILIMA

Huko Uingereza kuna watu ambao hobi yao ni kuhesabu vilima. Mwaka 1992 Alan Dawson alichapisha orodha ya vilima vya Uingereza ambavyo kila kimoja kinainuka angalau mita 150 kutoka ardhi inayokizunguka, hata kama kilima chenyewe ni kifupi. Watu wazima hupanda kimoja, wakaweka alama, wakaenda cha pili, miaka na miaka. Hakuna zawadi. Furaha ni kuijua nchi yao.

Nasi tunaweza kuwa na orodha yetu. Nunueni daftari moja la shule. Kwa kila kilima mkipanda, andikeni:

- Jina lake, na maana ya jina hilo kama wazee wanaikumbuka. (Kiima Kimwe pale Machakos, kwa mfano, kwa Kikamba ni "mlima mmoja," na ukikiona kimesimama peke yake unajua kwa nini.)
- Tarehe, na waliopanda.
- Muda wa kupanda na wa kushuka.
- Mlichokiona: mito, matuta, misitu iliyobaki, mahali palipokuwa na msitu.
- Hadithi moja iliyosimuliwa na mzee.

Baada ya miaka mitano daftari hilo litakuwa kumbukumbu ya kijiji chenu. Watoto watalisoma wajue kwamba pale palikuwa na mkuyu, na pale palikuwa na maji.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA SOMO LIJALO

1. Chagueni kilima kimoja kisichozidi mwendo wa saa mbili kutoka hapo mnapokutania.
2. Wekeni siku. Pangeni ni nani atakayebaki na watoto na wagonjwa.
3. Pandeni. Kule juu kaeni nusu saa. Dakika kumi za kwanza mtu asizungumze.
4. Hakuna mchango, hakuna ajenda, hakuna hotuba. Hata mheshimiwa akija, akae chini ale kiazi.
5. Mkutano unaofuata, kila mtu aseme jambo moja aliloliona ambalo hakulijua.

Barua fupi za mliyoyaona mpeni mratibu wa maendeleo wa parokia yenu, tuzisome na wengine.

SALA YA KUFUNGA

Ee Mungu uliyeumba vilima kabla yetu, tusamehe kwa kuwa tumevipanda miaka mingi bila kuinua macho. Tupe miguu ya kupanda, jirani wa kutembea naye, na moyo wa kutazama nchi uliyotupa. Utushushe salama. Amina.